Pikapu ya lami isivishwe matairi ya tope

KATIKA barabara kuu itokayo Tunduma na Mbeya kuelekea Dar es Salaam, pikapu ndilo gari la mfanyabiashara wa kati. Malori makubwa hubeba mizigo ya makampuni. Pikapu hubeba nyanya za Ilula na vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, na wakati wa kurudi hubeba mbolea, dawa za mimea na mabomba ya kumwagilia. Mwenye gari hilo anajua bei ya dizeli ya asubuhi hiyo hiyo. Anajua pia tenga la nyanya limeamkaje sokoni Ilala. Lakini ukimuuliza matairi yake yanamgharimu kiasi gani kwa kila kilomita, mara nyingi atataja bei aliyonunulia dukani, basi.

Hapo ndipo fedha inapopotea. Kutoka Ilula hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 450, na zote ni za lami. Njia ya vumbi au tope kutoka barabarani hadi shambani ni kilomita 5, pengine 10. Hata hivyo, pikapu nyingi zinazofanya safari hii zimevishwa matairi yenye kashata kubwa za kuchimba tope, yaliyochaguliwa kwa ajili ya zile kilomita chache za mwisho. Wengine hawafikirii tope kabisa. Wanayapenda kwa sababu yanalifanya gari lionekane la kazi.

Ifahamike kwamba watengenezaji wengi hugawa matairi ya pikapu katika makundi matatu, na herufi zake huandikwa ubavuni au katika jina la tairi. H/T ni ya barabara kuu, A/T ni ya barabara mchanganyiko, na M/T ni ya tope. La H/T likiwa jipya huwa na kina cha kashata cha milimita 8 hadi 10 hivi, la A/T huzidi kidogo, na la M/T linaweza kufika milimita 15 au zaidi. Mnunuzi akiona kina hicho hudhani kwamba mpira mwingi ni maisha marefu. Kwenye lami mambo huwa kinyume. Kashata ndefu zilizoachana hupindapinda kila zinapogusa barabara. Kupinda huko huzaa joto, husugua kingo za kila kashata na kuzila upande mmoja, kisha gari huanza kuvuma kama nyuki. Eneo la mpira linaloshika lami ni dogo, hivyo breki wakati wa mvua huwa dhaifu zaidi, na dizeli huliwa zaidi kwa sababu tairi hilo ni zito na gumu kuviringika.

Tairi la barabara kuu lina kashata fupi, zilizoshikana, zenye mifereji ya kutoa maji. Kwa pikapu ambayo sehemu kubwa ya mwendo wake ni lami, hilo ndilo linalodumu. Kwa zile kilomita 5 za vumbi linatosha kabisa, na wakati wa masika dereva anaweza kuacha gari kwenye kituo cha kukusanyia mazao na mzigo ukaletwa kwa trekta, guta au pikipiki, kama wengi wanavyofanya tayari. Mwenye shamba ndani kabisa, ambaye kila wiki hulazimika kupita kwenye utelezi, anaweza kuchukua A/T na kukubali hasara ndogo ya umri. M/T iachiwe wale wanaoishi kwenye tope.

Baada ya aina ya tairi huja uwezo wake wa kubeba, na hapa kosa linaweza kuua mtu. Ubavuni mwa kila tairi, baada ya vipimo vyake, kuna namba na herufi. Mfano ni tairi lililoandikwa 225/70R15C 112/110R. Namba 112 maana yake tairi moja likiwa peke yake kila upande linabeba kilo 1,120. Namba 110, yaani kilo 1,060, ni kwa matairi yaliyofungwa mawili mawili. Herufi R ni mwendo usiozidi kilomita 170 kwa saa. Ile C iliyo mwisho wa kipimo inaonyesha kuwa tairi limetengenezwa kwa gari la kubeba mzigo. Tairi la gari dogo la kutembelea linaweza kuingia kwenye ringi hiyo hiyo na kuonekana sawa, lakini likawa na namba 98, ambayo ni kilo 750 tu.

Tofauti hiyo inaonekana mzigo unapopakiwa. Mzigo wa pikapu karibu wote hulalia ekseli ya nyuma. Chukua gari ambalo likiwa tupu lina kilo 700 nyuma, likapakiwa matenga 25 ya nyanya ya kilo 40 kila moja. Mzigo huo ni tani moja, na nyuma sasa kuna karibu kilo 1,700. Matairi mawili ya namba 112 yanabeba hadi kilo 2,240, kwa hiyo yamebaki na nafasi. Mawili ya namba 98 mwisho wake ni kilo 1,500, yaani yamezidiwa kabla gari halijatoka Ilula. Na ni nani asiyejua kwamba msimu ukichanganya, matenga hayaishii 25? Yakifika 40, hata yale matairi ya mzigo yamepitwa, na gari lenyewe limepitwa zamani.

Kuna jambo linaloruhusu hali hiyo kuendelea. Mizani ya barabara kuu inahusu magari yenye uzito wa jumla wa kuanzia kilo 3,500. Pikapu nyingi ziko chini ya kiwango hicho, kwa hiyo hupita pembeni huku malori yakipanga foleni. Hakuna anayempimia mwenye pikapu mzigo wake. Baadhi huenda kwa fundi kuongezewa majani ya springi ili gari lisiinamie nyuma, na gari likisimama vizuri wanaona tatizo limekwisha. Springi zimeongezwa, lakini matairi, breki na beringi ni zile zile. Tairi ndilo linaloanza kulalamika, na hulalamika mahali pabaya: kwenye mteremko wa Kitonga wakati breki zimechemka, au kwenye bonde la Ruaha saa saba mchana lami ikiwa inaunguza.

Joto ndilo adui mkubwa wa tairi, na upepo mdogo ndio unaolileta. Tairi lisilojaa vizuri hukunjika ubavu kila linapozunguka, mamia ya mara kwa kila kilomita. Kukunjika huko huchemsha mpira mpaka gamba la juu linaachana na mikanda ya waya iliyo ndani. Wamarekani walijifunza somo hilo kwa gharama kubwa. Mwezi Agosti 2000, Firestone ilitangaza kurudisha matairi milioni 6.5 ya aina za ATX na Wilderness AT, mengi yakiwa yamefungwa kwenye magari ya Ford Explorer na mengine kwenye pikapu. Magamba yalikuwa yakibanduka gari likiwa kasi, hasa katika majimbo yenye joto kama Texas, Arizona na Florida, na vifo vilivyohusishwa na ajali hizo vilizidi 200. Pamoja na kasoro za utengenezaji, mabishano makubwa kati ya makampuni hayo mawili yalihusu upepo: Ford ilikuwa imependekeza psi 26, na Firestone baadaye ikasema ilipaswa kuwa 30. Psi 4 tu ziligombaniwa mpaka bungeni. Sheria iliyofuata mwaka huo huo ndiyo iliyozaa vile vitaa vya kuonya upepo mdogo vinavyoonekana kwenye dashibodi za magari mapya.

Kwenye pikapu zetu nyingi kitaa hicho hakipo. Kilichopo ni dereva anayegonga tairi kwa kipande cha chuma na kusikiliza mlio. Njia hiyo humwambia tairi gani limelala kabisa. Haiwezi kumwambia kama tairi lina psi 28 mahali panapotakiwa 40. Kipimo cha upepo cha mkononi ni kitu kidogo cha kuweka kwenye droo ya gari, na bei yake haifiki hata sehemu ya kumi ya bei ya tairi. Upepo upimwe asubuhi kabla ya kuondoka, matairi yakiwa ya baridi. Ukipimwa njiani baada ya saa 2 za mwendo utaonekana umezidi, kwa sababu hewa imetanuka kwa joto, na anayeupunguza hapo anajiharibia: tairi likipoa litakuwa chini ya kiwango.

Kiwango chenyewe kimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa karibu na mlango wa dereva. Magari yaliyotoka Japani huandikwa kwa kPa, na fundi wengi hupita bila kuisoma kwa sababu bomba lao linaonyesha psi. Hesabu ni rahisi: kPa 100 ni psi 14.5, kwa hiyo kPa 240 ni kama psi 35. Mara nyingi karatasi hiyo huwa na viwango viwili, cha gari tupu na cha gari lenye mzigo, na matairi ya nyuma hutofautiana na ya mbele. Anayejaza upepo wa mzigo kisha akarudi mtupu kutoka Dar es Salaam atalila tairi katikati. Anayekwenda na upepo wa gari tupu huku amepakia atalila pembeni zote mbili, na hilo ndilo baya zaidi. Ama huu upepo wa naitrojeni unaouzwa kwenye baadhi ya vituo, hauna ubaya, lakini hewa ya kawaida karibu asilimia 78 yake ni naitrojeni hiyo hiyo, na haimwondolei mtu kazi ya kupima.

Sasa ni suala la umri, ambalo madukani halizungumzwi kwa hiari. Afrika Mashariki iliwahi kujitengenezea matairi. Kiwanda cha General Tyre cha Arusha kilisimamisha uzalishaji mwaka 2009, na kile cha Nairobi kilichokuwa kikitoa matairi ya Yana kilifungwa mwaka 2016. Matairi mengi yanayouzwa nchini sasa yamevuka bahari, yakakaa bandarini, yakakaa ghalani kwa mwagizaji, kisha yakapangwa mbele ya duka kwenye jua kama tangazo. Tairi jipya kwa macho linaweza kuwa la miaka 4 kwa tarehe. Mpira huzeeka hata usipotembea. Hukauka, hupasuka nyufa ndogo ubavuni, na mafuta yaliyoufanya uwe laini huisha.

Tarehe hiyo imeandikwa na mtu yeyote anaweza kuisoma. Ubavuni kuna herufi DOT zikifuatiwa na alama kadhaa, na mwisho kuna tarakimu 4. Mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 3523 lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2023. Likiwa na tarakimu 3 tu, ni la kabla ya mwaka 2000 na halifai hata kwa bembea ya watoto. Wakati mwingine tarakimu hizo huwa upande mmoja tu wa tairi, kwa hiyo mnunuzi aligeuze, na muuzaji asione kero. Baadhi ya watengenezaji wa magari, Ford wakiwemo, wanashauri tairi libadilishwe likifika miaka 6 hata kama kashata bado zipo. Watengenezaji wa matairi kama Michelin wanasema likaguliwe kila mwaka baada ya miaka 5 ya matumizi, na lisivuke 10 kwa hali yoyote. Kwa pikapu inayobeba mzigo kwenye joto la Morogoro na Chalinze, ule ushauri mkali zaidi ndio wa kufuata. Na tairi la spea nalo lihesabiwe, maana ndilo ambalo hukaa chini ya bodi miaka 8 bila mtu kulitazama, kisha likatarajiwa kuokoa safari usiku.

Matairi ya mitumba yana mtego wa ziada. Mengi hutoka nchi zenye theluji, na baadhi ni matairi ya majira ya baridi, yenye mpira laini uliotengenezwa kufanya kazi chini ya nyuzi 7 za joto. Yakiletwa huku huisha kama kifutio cha penseli. Alama yake ni mchoro wa mlima wenye chembe ya theluji ndani, na yale ya Japani huandikwa STUDLESS ubavuni. Baadhi ya magari yanayoagizwa kutoka Japani hufika yakiwa yamevaa matairi ya namna hiyo, na mwenye gari hushangaa kwa nini yameisha haraka. Baya kuliko hilo ni tairi kipara lililochongwa mifereji upya kwa kisu cha moto na kupakwa rangi nyeusi. Mpira uliochongwa ndio uliokuwa ukiilinda waya. Tairi ambalo mtengenezaji hakuliandika REGROOVABLE halichongwi, na ya pikapu kwa kawaida hayaandikwi hivyo.

Je, tairi la bei kubwa ndilo linalodumu? Si lazima, na hapa wauzaji huchanganya watu. Yapo matairi ya gharama yaliyotengenezwa kushika barabara kwa kasi, mpira wake laini, na huisha mapema. Kwenye matairi ya magari madogo yanayouzwa Marekani huwekwa namba ya uchakavu, TREADWEAR, ambapo 400 maana yake lilitarajiwa kudumu mara 4 ya tairi la kipimo katika njia ya majaribio. Namba hiyo inasaidia, lakini hutolewa na mtengenezaji mwenyewe, na matairi mengi ya mzigo hayana. Kinachobaki ni kumbukumbu. Mwenye pikapu aandike kilomita za dashibodi siku anayofunga tairi na siku anayolitoa, na awaulize wenzake wa njia ile ile, wenye mzigo ule ule. Dereva wa Ilula anayetumia aina moja kwa miaka anajua kuliko bango la dukani.

Hesabu ifanywe hivi. Tairi la Sh250,000 likidumu kilomita 40,000, kila kilomita imegharimu Sh6.25. La Sh400,000 likidumu kilomita 80,000, kila kilomita ni Sh5. Kwa matairi manne tofauti ni Sh5 kwa kilomita. Anayekwenda Dar es Salaam na kurudi mara moja kwa wiki, kilomita 900, hufikisha 45,000 kwa mwaka akipumzika wiki mbili, na tofauti yake ni Sh225,000. Bei hizo ni za mfano, kila mtu aweke zake. Fedha yenyewe si ya kutajirisha mtu. Lakini hesabu hiyo haijaweka siku ambayo tairi limepasuka Mikumi saa tisa usiku, spea ni kipara, na nyanya zilizokuwa ziingie sokoni alfajiri zinaingia saa nane mchana zikiwa zimelainika, wakati wanunuzi wameshajaza vibanda vyao.

Tairi zuri nalo huuawa na gari bovu. Tairodi na boljointi zilizolegea, shokapu zilizokufa na alaimenti iliyopotea vinaweza kulimaliza tairi jipya upande mmoja ndani ya miezi michache. Magurudumu yapimwe alaimenti kila yanapofungwa matairi mapya na kila gari linapoingia shimo la maana. Matairi yabadilishane nafasi, ya nyuma yaende mbele, kila baada ya kilomita 8,000 hadi 10,000. Fedha ikitosha mawili tu, mapya yafungwe nyuma. Wengi hufunga mbele kwa kuogopa usukani, ilhali gari linaloteleza nyuma kwenye mvua ni gumu zaidi kulirudisha. Yatolewe kabla kashata hazijafika vile vinundu vya milimita 1.6 vilivyo ndani ya mifereji. Kwa mwendo wa barabara kuu wakati wa masika, milimita 3 ndiyo mwisho wa busara.

Hayo ni ya mwenye gari, lakini mzigo wote usimwangukie yeye. Shirika la Viwango Tanzania lina jukumu la kuangalia ubora wa bidhaa zinazoingia, na tairi ni bidhaa inayoua. Ukaguzi usiishie bandarini. Ufike madukani Kariakoo, Morogoro, Iringa na Mbeya, ambako tairi hukaa muda mrefu kuliko lilivyokaa baharini. Wauzaji walazimishwe kuandika zile tarakimu 4 na namba ya uwezo wa mzigo kwenye risiti, ili mnunuzi aliyeuziwa tairi la miaka 5 kama jipya, au tairi la gari dogo kama la pikapu, awe na karatasi ya kushika anaporudi kudai. Vyama vya ushirika na vikundi vya wakulima vinavyokodi pikapu kila msimu navyo vinaweza kuanza kesho asubuhi, bila kusubiri kanuni: kabla tenga la kwanza halijapandishwa, mtu mmoja azunguke gari na kusoma ubavu wa matairi yote matano.